Kibaba cha Chumvi

Duka hili limekula chumvi nyingi, alisema Nambole,
akabandua tonge la ukuta kwa ukucha
likamwagika kama unga wa muhogo.
Yeye ni fundi wa kubomoa. Wa kujenga wamejaa,
wa kubomoa bila kuvunja, Lindi nzima,
ni yeye na shemeji yake Likapa, na Likapa ana hasira.

Mimi karani. Nimepewa daftari la kurasa mia,
kalamu iliyofungwa uzi, kiti kisicho na mgongo.
Barabara inapanuliwa, stendi inakuja,
na halmashauri imesema: kisitupwe kitu chenye kazi.
Basi naandika kazi.

Mbao za mvule, futi kumi na mbili, tisa.
Boriti za mkoko, arobaini na mbili, tatu za mchwa.
Bawaba za shaba, jozi nne.
(Likapa kasema tatu. Nikamtazama. Zikawa nne.)
Misumari, ndoo mbili, imepinda.
Watoto wa Bi Atesha wanainyoosha juu ya jiwe,
ko, ko, ko, kutwa,
na msumari ulionyooshwa haunyooki kabisa:
ukiupigilia tena, unakumbuka upande wake.

Tunaanzia juu. Nyumba huvuliwa kama mgonjwa,
kofia kwanza, halafu kanzu, polepole, usimkwaruze.
Aliyejenga alimalizia paa;
kwetu paa ndiyo bismillahi.

Siku ya nne tukang'oa rafu.
Nyuma yake chokaa haikuwa imeona jua
tangu mwenye duka alipohama bila kuaga,
na juu ya chokaa, kwa penseli, madeni.
Mwandiko wa kulala, mstari kwa mstari.
Chande Mkwinda, mafuta ya taa, chupa. Limekatwa.
Mke wa Liuto, kaniki, nusu. Limekatwa.
Somoe binti Nnunduma, chumvi, kibaba kimoja.

Halikukatwa.

Bibi yangu!
Aliyekuwa akitangaza hata msibani
kwamba ataingia kaburini hadaiwi pini.

Likapa ameshanyanyua mtaimbo.
Jiwe lina kazi ya pili, linavuka barabara
kwenda kwenye ukuta mpya. Chokaa haina heshima hiyo:
inasagwa, inalala chini ya sakafu ya stendi,
waendao Masasi wataikanyaga na mabegi yao.
Nikauliza, kipande hiki hakiwezi kutoka kizima?
Nambole akagonga kwa fundo la kidole, akasikiliza.
"Mlango unatoka. Boriti inatoka.
Hiki kikitoka, kinatoka unga."
Akamwambia Likapa aanzie upande wa pili.
Hakuniuliza kwa nini.

Kesho yake nikaja na chumvi.
Kibaba, kwa kikopo cha bati,
nimekirundika mpaka kikaota kichungu,
hiyo riba ya miaka yote.
Nikavuka hadi kwenye udongo wa ukuta mpya, niimwage humo.
Nambole akanidaka mkono.
"Una ugomvi na stendi, mwanangu?
Hili duka unadhani limeliwa na nini?"

Nikarudi nayo kama mtu aliyekataliwa posa.

Bi Atesha alikuwa anachemsha ming'oko ya mchana.
Akatia kiasi, akaonja, akatia tena,
iliyobaki akaifunga kwenye vipande vya gazeti,
kila fundi na cha kwake.
Tukala kwenye kivuli cha mlango usio na nyumba,
umeegemezwa nguzo ya umeme, komeo lake bado limefungwa.
Likapa akasema leo imekolea.
Watoto wakalamba vidole, chumvi na kutu pamoja.
Sikuwaambia wanamlipia nani.

Saa nane ukuta ukashuka.
Vumbi likatukalia kope, tukawa wazee sote, mara moja.
Nikapangusa ukurasa, nikaandika:
chokaa, toroli kumi na moja, kifusi.
Chini yake: chumvi, kibaba kimoja.
Nikaazima rula kwa mtoto wa Bi Atesha
nikaikata.